Kutoa mandharinyuma ya picha kwa akili mnemba: tovuti, simu, studio ya mtandaoni au kompyuta yako?

Mama mmoja anayeuza vikapu vya ukili alinitumia picha ishirini na nne usiku, zote zimepigwa mbele ya ukuta wa kijani wa nyumba yake, akitaka asubuhi ziwe na mandharinyuma nyeupe. Nilizipitisha kwenye tovuti moja, zikarudi ndani ya dakika chache, nikamtumia nikalala. Saa moja asubuhi simu ikaita. "Mwanangu, kikapu kizuri, lakini hicho kijani ndani ya mkono wa kikapu ni nini?" Nikaifungua picha, nikaikuza kwa vidole viwili. Kweli, nje ya kikapu kote pamekatwa vizuri, ila ule uwazi kati ya mkono na mdomo wa kikapu umebaki na ukuta wake, kama kidirisha cha kijani. Picha kumi na saba zilikuwa hivyo.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza atumie programu ipi, namuuliza kwanza mambo mawili: unakata kitu gani, na picha inakwenda kukaa wapi? Majibu ya hayo mawili ndiyo yanayochagua, kuliko umaarufu wa programu.

Njia zenyewe

Nimezigawa katika makundi manne, kwa sababu zilizo kundi moja zinafanana tabia.

Kundi la kwanza ni tovuti za kazi moja. Unapakia picha, inakatwa, unaipakua. Inayojulikana zaidi ni remove.bg, iliyoanza mwaka 2018 mjini Vienna, Austria.

La pili ni simu yenyewe. Tangu iOS 16 ya mwaka 2022, mwenye iPhone XS, XR au ya baada ya hapo anabonyeza na kushikilia kitu kilichomo kwenye picha, kinanyanyuka peke yake. Baadhi ya simu za Samsung za karibuni zina kitu kama hicho. Kwa simu nyingine kuna app, na Photoroom ya Paris ndiyo ninayoiona zaidi mikononi mwa wauza nguo wa Instagram.

La tatu ni studio za usanifu za mtandaoni, kama Canva na Adobe Express, ambako kukata ni hatua moja tu ya kutengeneza bango au kadi. Kampuni iliyotengeneza remove.bg ilinunuliwa na Canva mwaka 2021, kwa hiyo hizo mbili zina undugu.

La nne ni programu inayokaa kwenye kompyuta yako na kufanya kazi hapo hapo. Nitazungumzia rembg, ambayo ni ya bure na msimbo wake uko wazi, pamoja na GIMP kwa marekebisho ya mkono.

Nitazipima kwa mambo sita: ukingo wa kitu kilichokatwa, ukubwa wa picha inayotoka, bando linaloliwa, siri ya picha, gharama, na uwezo wa kufanya picha nyingi kwa mpigo. Nitakaa sana kwenye ukingo, maana picha nyingi huharibikia hapo.

Ukingo

Njia zote nne hufanya jambo moja. Modeli, yaani ule ubongo wa akili mnemba ulio ndani ya programu, inaitazama picha yako, kisha inachora picha ya pili yenye vipimo vile vile, ya nyeusi na nyeupe. Tuiite kinyago. Palipo peupe kwenye kinyago, picha yako inabaki. Palipo peusi, inaondoka. Palipo kijivu, inabaki nusu, kiasi cha kuona kilicho nyuma yake. Kiatu, simu, sufuria au kopo la rangi havihitaji kijivu kingi, na hapo njia zote nne zinakaribiana sana. Tofauti inaanza kwenye nywele, mtandio mwepesi, manyoya na kioo, ambako kijivu ndicho kila kitu.

Chukua picha ya dada aliyeachia afro yake, amesimama mbele ya ukuta wa bluu. Ikuze hadi uone ncha za nywele. Kati ya unywele na unywele kuna bluu. Modeli ikikata kwa ukali, afro inageuka kofia ya plastiki, laini pembeni kama imenyolewa kwa mkasi. Ikikata kwa ulegevu, nywele zinabaki lakini zimebeba bluu, na ukiweka picha juu ya rangi ya chungwa unaona utando wa bluu umezunguka kichwa. Picha njema ni ile ambayo modeli imeacha kijivu mahali pake na programu ikasafisha rangi ya ukuta kwenye ncha.

Sababu mojawapo ya nywele kupotea ni ya kihesabu. Modeli iitwayo u2net, ambayo rembg huitumia usipoichagulia nyingine, huipunguza picha kwanza hadi pikseli (vidoti vinavyoiunda picha) 320 kwa 320, inachora kinyago hapo, halafu kinyago kinakuzwa kurudi ukubwa wa picha. Kama picha yako ina upana wa pikseli 4,000, imepunguzwa zaidi ya mara kumi na mbili. Unywele mmoja hauwezi kuonekana tena. Ukichagua isnet-general-use ndani ya rembg hiyo hiyo, kazi inafanyika kwa pikseli 1,024 kwa 1,024, na ukingo unakuwa mwembamba zaidi. Watu wengi hujaribu rembg mara moja kwa modeli ya kwanza, wanaiacha, kumbe hawakujua kwamba ndani yake kuna modeli kadhaa za kuchagua.

Kuna vitu vya kwetu vinavyozichanganya modeli kwa namna ya pekee, na ninavitaja kwa sababu sijaona maelezo ya kigeni yanayovigusa. Kanga ni cha kwanza. Kanga ina pindo kuzunguka, mji katikati, na jina chini ya mji. Ukiianika kwenye kamba na kuipiga picha, modeli inaweza kuuona mji kuwa ndiyo kitu na pindo kuwa fremu ya nyuma, ikalila pindo, pengine na jina likaondoka nalo. Mteja wa kanga anasoma jina kabla ya kuuliza bei. Kanga iliyokatwa pindo imekuwa kipande cha kitambaa tu. Cha pili ni kanzu nyeupe mbele ya ukuta mweupe: bega linayeyuka, kola inabaki inaelea. Cha tatu ni kila kitu chenye tundu, yaani mkono wa kikapu, sikio la kikombe, mguu wa kiti, tairi la baiskeli.

Je, kila kundi linakupa nafasi gani ya kurekebisha? Tovuti kama remove.bg ina brashi ya kufuta na ya kurudisha, kwa hiyo kile kidirisha cha kijani unakifuta kwa kidole au kipanya cha kompyuta. Studio za usanifu nazo zina brashi hizo, na faida yake ni kwamba unarekebisha ukiwa tayari umeiweka picha juu ya bango lako, unaona papo hapo kama ukingo unakubali rangi mpya. Kunyanyua kitu kwa kidole kwenye iPhone ni haraka kuliko njia zote, lakini inakupa ilichoamua; pindo likikatwa, huna brashi ya kulirudisha, itabidi uende kwenye app nyingine. Rembg nayo haina brashi. Inakupa PNG, yaani faili la picha linaloweza kuwa na nyuma tupu, marekebisho unayafanya kwenye GIMP, na hapo unahitaji mkono uliozoea. Kwa mwenye mkono huo, hakuna njia inayompa uhuru zaidi.

Chupa ya asali, glasi, miwani na mifuko ya plastiki vinahitaji neno la peke yake. Unaona kupitia chupa, na unachokiona humo ni mandharinyuma ile ile unayotaka kuiondoa. Hakuna kati ya makundi manne linaloweza kutegemewa hapo.

Ukubwa wa picha inayotoka

Hapa swali la pili, picha inakwenda kukaa wapi, linatoa uamuzi karibu peke yake. Kwa muda mrefu remove.bg imetoa bure picha ya hadi robo megapikseli, yaani pikseli 250,000, mfano 625 kwa 400. Ukubwa kamili unalipiwa. Kwa picha ndogo ya bidhaa ndani ya katalogi ya WhatsApp, hiyo inatosha. Kwa chapisho la Instagram la pikseli 1,080 tayari ni ndogo. Na kwa kuchapa, piga hesabu: kiwanda kikitaka pikseli 300 kwa kila inchi, upana wa 625 unakupa kama sentimita tano tu kwenye karatasi. Nimeona mabango ya harusi ambayo bwana harusi ana ukungu usoni kwa sababu hiyo tu.

Rembg inakuachia vipimo vya picha yako ya asili, ingawa kumbuka niliyosema juu ya kinyago kilichokuzwa. App za simu hutofautiana kati ya toleo la bure na la kulipia, na toleo la bure la Photoroom huweka chapa yake kwenye picha. Kwenye Canva, kitufe cha kutoa mandharinyuma na ruhusa ya kupakua PNG isiyo na nyuma ni vya wanaolipia; Adobe Express inaruhusu kukata kwa akaunti ya bure.

Halafu kuna ajali ambayo haitegemei programu yoyote. Umekata vizuri, umepata PNG safi, ukaituma WhatsApp kama picha ya kawaida, mwenzako akapokea kitu chenye nyuma nyeusi au nyeupe. WhatsApp imeigeuza kuwa JPEG, aina ya kawaida ya faili la picha, na JPEG haijui kubeba mahali patupu. Tuma kama waraka, siyo kama picha. Hili peke yake limesababisha watu kurudia kazi nzima na kulaumu programu isiyo na kosa.

Bando na mtandao

Picha moja ya simu ya siku hizi ni kama megabaiti nne. Vikapu ishirini na nne ni karibu megabaiti 96 za kupakia, na bado kuna kuzipakua, tena PNG mara nyingi ni nzito kuliko JPEG iliyotangulia. Tovuti, studio za usanifu, na app nyingi zinazotuma picha kwenye seva zao ziko sawa hapa: kila picha ni bando, na mtandao ukisumbua kazi inasimama.

Kunyanyua kwa iPhone hakuli kitu, kunafanyika ndani ya simu. Rembg inakula mara moja: modeli ya u2net ni takribani megabaiti 176, nayo Python, lugha ya kompyuta inayoiendesha, na vifurushi vyake vinaongeza mzigo, kwa hiyo iwekeni mkiwa kwenye Wi-Fi ya ofisi au ya chuo. Baada ya hapo haihitaji intaneti kabisa. Ukilinganisha na modeli peke yake, picha 44 za megabaiti nne zinafikisha mzigo huo kwa kupakia tu. Kwa anayekata picha tano kwa mwezi, hesabu hiyo haina maana kwake. Kwa anayekata mia mbili, ina maana sana.

Siri ya picha na haki ya mwenye picha

Unapopakia, picha inakwenda kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Kwa kikapu au kiatu, sioni tatizo. Kwa nyuso za wanafunzi, mgonjwa, kitambulisho, au mama aliyevua mtandio kwa sababu picha ni ya familia, mimi siipakii mahali popote. Hapo iPhone na rembg zina nafasi yao wazi, kwa sababu picha haitoki mkononi mwako. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, na Tanzania ina ya taarifa binafsi ya mwaka 2022. Shule au kliniki inayokusanya picha za watu ina wajibu juu yake, na kusema "tulitumia tovuti ya bure" si jibu la kumpa mzazi. Ukilazimika kutumia tovuti au studio, soma kwanza wanavyosema picha inakaa kwao muda gani.

Kwa picha ulizozitoa mtandaoni, jambo ni lile lile kwa makundi yote manne: kuondoa mandharinyuma hakuifanyi picha kuwa yako. Mpiga picha bado ana haki yake chini ya sheria ya hakimiliki, ya mwaka 1999 Tanzania na ya mwaka 2001 Kenya. Nimeona duka likichukua picha ya duka jirani, likakata nyuma, likaweka nembo yake. Kiatu kilikuwa na mkwaruzo ule ule kwenye kisigino. Kama huna kamera, omba ruhusa, au tafuta picha zenye leseni inayoruhusu matumizi ya biashara.

Na picha za viza ziacheni. Marekani, kwa mfano, inataka picha ya mraba ya kati ya pikseli 600 na 1,200, isiyozidi kilobaiti 240, yenye nyuma nyeupe, na haitaki picha iliyobadilishwa kwa programu. Uingereza nayo inakataa picha ya pasipoti iliyorekebishwa kwa kompyuta. Tundika shuka jeupe lililopigwa pasi, simama mbali nalo kidogo kivuli kisilale juu yake, upigwe.

Gharama

Rembg na GIMP ni bure kabisa. Unalipa kwa muda wa kujifunza. Kipengele cha iPhone ni bure kwa aliyekwisha kuinunua simu. Tovuti inakulipisha kwa picha au kwa mwezi, na studio kwa mwezi au mwaka. Ukiwa tayari unalipia Canva kwa mabango, kukata huko hakukuongezei senti. Mwenye kazi ya mara moja asifungue malipo ya mwezi. Watu wengi husahau kuyafunga.

Picha nyingi kwa mpigo

Rembg ndiyo inayopendeza hapa. Unaipa folda nzima kwa amri moja, rembg p, ukifuatisha jina la folda ya picha na jina la folda ya matokeo, unaenda kuswali au kula, unarudi zimekwisha. Kompyuta isiyo na kadi ya michoro itachukua muda, lakini itamaliza. Remove.bg na Photoroom zinafanya mafungu pia kwa wanaolipia, na kwa asiyetaka kugusa amri za kuandika hilo ni jambo la maana. Studio za usanifu zimekaa zaidi kwa kazi ya picha moja moja, na kunyanyua kwa iPhone vilevile.

Kwa hali yako

Kama unauza kwa simu tu, vitu vyako ni viatu, mikoba na vipodozi, na vinakaa WhatsApp na Instagram, anza na simu uliyonayo. Mwenye iPhone abonyeze na kushikilia. Mwenye Android ajaribu app moja kwa picha tatu zilizo ngumu zaidi dukani kwake, asijaribu kwa zile rahisi, ndipo aamue kulipia.

Kama kazi yako ni mabango ya harusi, kadi za send-off na matangazo ya mikutano, kaa kwenye studio ya usanifu. Utahitaji brashi ya kurudisha mara kwa mara, hasa kwenye nywele na mitandio, na utataka kuona ukingo juu ya rangi ya bango. Picha ya kwenda kiwandani iombe kwa mwenyewe ikiwa katika ukubwa wake wa asili, kwa waraka.

Kama una kazi ya ghafla, picha moja au mbili, uko kwenye kompyuta ya mtu mwingine, tovuti ya kazi moja inakumalizia kazi bila kuweka programu yoyote. Angalia tu vipimo vya inachokupa kabla hujaifunga.

Kama una duka lenye bidhaa mia tatu, au wewe ni shule, kliniki au shirika lenye picha za watu, tafuta kijana anayejua kompyuta akuwekee rembg na isnet-general-use. Ni mchana mmoja wa kazi. Kwa anayeuza Amazon kutoka ughaibuni, ambako picha kuu lazima iwe na nyuma nyeupe tupu, yaani 255 kwa nyekundu, kijani na bluu, njia hii pia inakuwezesha kumwaga nyeupe hiyo hiyo kwenye folda nzima bila kukosea hata moja.

Kwa kanga, itandaze kwenye sakafu ya rangi moja isiyomo kwenye kanga yenyewe, piga kutoka juu, na umbo lake ni mstatili: kata kwa mkono kwenye programu yoyote, kwa pembe nne tu. Akili mnemba haihitajiki, na pindo linabaki lote.

Kwa vikapu, yule mama sasa anatundika blanketi la kijivu nyuma. Nazipitisha folda nzima kwenye rembg, kisha nafungua kimoja kimoja na kufuta ndani ya mkono. Ni kama dakika moja kwa kikapu, na kijivu kidogo kikinipita hakionekani kama kile kijani.

Na kwa asali, glasi na manukato, usikate. Nunua manila nyeupe, ikunje nyuma ya chupa bila kuivunja mstari, weka karibu na dirisha lisilopigwa na jua la moja kwa moja, piga saa nne asubuhi.